Tao Yuanming, Li Bai, Bai Juyi au Su Shi: uanze na yupi kati ya washairi wa kikombe?

Mwulize mtu yeyote aliyeonja mashairi ya kale ya China akutajie mshairi mnywaji, atakujibu "Li Bai" kabla hujamaliza swali. Mimi nilielekezwa huko huko, nikaanzia huko, na kwa muda mrefu nikaamini kwamba ukishamjua Li Bai umewajua wote: mtu, mtungi, mwezi, basi. Nilikosea. Wasomi wa China walioandika kuhusu pombe kwa zaidi ya miaka elfu hawanywi kwa namna moja wala kwa sababu moja, na ukianza na yule asiyekufaa utaweka kitabu chini ukisema hawa walikuwa walevi wenye mwandiko mzuri tu.

Kwa hiyo nimewapanga ubavu kwa ubavu, wanne hasa, na wengine wachache pembeni. Swali ni dogo: ukiwa na nafasi ya kumsoma mmoja kwanza, awe nani?

Kabla ya hapo tuelewane kuhusu kilichomo kikombeni, maana wengi hupotelea hapo. Neno la Kichina ni jiu. Wafasiri wengi wanaliita mvinyo, na wewe msomaji unaona chupa ya zabibu yenye kizibo. Zabibu zilifika kutoka magharibi na zilijulikana, lakini jiu ya kila siku ilikuwa pombe ya nafaka: mchele unaonata, au nafaka ndogo za jamii ya mawele. Badala ya kimea walitumia chachu ya vipande vya nafaka vilivyovundikwa hadi vikaota ukungu. Ilikuwa na machicha, ikachujwa au isichujwe, na mara nyingi ilipashwa moto. Aliyewahi kukaa mbele ya ndoo ya komoni au chungu cha busaa yuko karibu zaidi na Tao Yuanming kuliko aliyekaa mbele ya mvinyo wa Ufaransa. Kile kileo kikali cheupe kinachouzwa leo kwa jina la baijiu ni cha kuchemshwa na kukusanywa mvuke, kama gongo, na ufundi huo ulienea China baadaye, hasa enzi ya Yuan (1271–1368), baada ya watu hawa wote kufa. Basi Li Bai akidai vikombe 300 kwa kikao kimoja, anatia chumvi, ndiyo, lakini hazungumzii vikombe 300 vya gongo.

Jambo la pili litakufurahisha kama umelelewa kwenye mashairi ya Kiswahili: hawa nao wanahesabu mizani. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja, na mstari wa kawaida una mizani 5 au 7, wenye vina mwishoni mwa kila mstari wa pili. Shairi zima linaweza kuwa na mizani 20 tu. Hakuna nafasi ya maneno ya kujazia.

Tao na Li Bai: kivuli kimoja, watu wawili

Tao Yuanming (365–427) alikuwa ofisa mdogo asiyependa uofisa. Mwaka 405 aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Pengze, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Jiangxi, akadumu siku themanini na kitu. Mkaguzi alipokuja kutoka ngazi ya juu, Tao akaambiwa avae rasmi aende kumlaki. Alisema hawezi kukunja mgongo kwa ajili ya dou 5 za mchele (dou ni kipimo cha ujazo cha nafaka na pombe), yaani mshahara wake, akarudisha muhuri wa ofisi na kwenda kulima. Hakurudi tena serikalini hadi kufa.

Mashairi yake 20 yanayoitwa "Kunywa Pombe" yana utangulizi mfupi ambao ningekushauri uusome kabla ya shairi lolote. Anasema usiku umeanza kuwa mrefu, amepata pombe nzuri, na hakuna jioni inayopita bila kunywa. Anakimaliza kikombe peke yake akitazama kivuli chake, na akishalewa anaandika mistari michache ya kujifurahisha, kisha anamwachia rafiki wa zamani kazi ya kuinakili. Hana sifa yoyote anayojipa hapo. Mtu amekaa nyumbani kwake, taa inawaka, kivuli kiko ukutani.

Ukifika kwenye shairi la 5, lile maarufu kuliko yote, utashangaa kwamba pombe haimo hata tone. Amejenga kibanda kati ya watu lakini hasikii kelele za magari ya farasi. Anachuma maua ya krisanthemu kando ya ua wa mashariki na, bila kukusudia, anauona mlima wa kusini. Ndege wanarudi pamoja. Kuna maana hapa, anasema, alitaka kuieleza lakini amesahau maneno. Xiao Tong, mwana wa mfalme aliyekusanya kazi za Tao karne moja baadaye, alitambua hilo mapema: watu wananung'unika kwamba kila shairi la Tao lina pombe, ila nia yake haikuwa kwenye pombe, alikuwa ameificha humo.

Alikuwa na sababu ya kuificha. Nasaba ya Jin ilikuwa inaporomoka, ikaanguka mwaka 420, na msomi aliyesema waziwazi aliweza kupoteza kichwa. Shairi la 20 linalaumu zama zake kwa kuacha vitabu vya wahenga, kisha linamalizia kwa kusema kama nimekosea mengi, msameheni mlevi. Mlango wa nyuma huo wa kutokea.

Sasa mlete Li Bai (701–762). Inakubalika na wengi kwamba alizaliwa Suyab, Asia ya Kati, kwenye nchi ambayo leo ni Kirgizia, akalelewa Sichuan. Mwaka 742 aliitwa na mfalme Xuanzong katika jiji kuu, Chang'an, akawekwa kwenye chuo cha waandishi wa ikulu. Mwaka 744 alikuwa ameshaondoka. Huko ndiko mzee He Zhizhang, mshairi na ofisa, alipomwona na kumwita malaika aliyefukuzwa mbinguni, akavua pambo lake la dhahabu lenye umbo la kobe na kulibadilisha kwa pombe wapate kunywa pamoja. Rafiki yake Du Fu alimchora kwa mistari minne: dou moja ya pombe, mashairi mia, analala kwenye kilabu sokoni Chang'an, mfalme anamwita na hapandi boti, anasema yeye ni malaika wa pombe.

Lile shairi la Li Bai la kunywa chini ya mwezi lina mistari 14. Yuko katikati ya maua na mtungi mmoja, hana ndugu wala jamaa. Anainua kikombe kuukaribisha mwezi. Pamoja na kivuli chake wanakuwa watatu. Mwezi haujui kunywa, kivuli kinafuata tu. Anaimba, mwezi unayumba; anacheza, kivuli kinavurugika. Wakiwa na akili timamu wanafurahi pamoja, wakilewa kila mmoja anashika njia yake, na wanaahidiana kukutana mbali, kwenye mto wa nyota.

Kivuli ni kile kile, na Li Bai alijua anakichukua kwa nani. Ila kwa Tao kivuli kinabaki ukutani, kinathibitisha kwamba mtu yuko peke yake na ameridhika. Kwa Li Bai kivuli kinaamshwa, kinapewa kikombe na kulazimishwa kucheza, kwa sababu huyu bwana hawezi kukaa peke yake hata dakika tano. Nilipoliona hilo ndipo nilipoanza kumhurumia Li Bai, na hapo tu ndipo nilipoanza kumsoma vizuri.

Kuna jaribio la pili. Waandishi wa habari za Tao wanasimulia kwamba akilewa kabla ya wageni wake huwaambia bila aibu: nimelewa, nataka kulala, nyinyi nendeni. Li Bai analichukua neno hilo karibu lilivyo katika shairi la watu wawili wanaokunywa mlimani, maua yakichanua, kikombe kimoja, kikombe kimoja, na kingine tena. Anasema amelewa na anataka kulala, wewe nenda. Kisha anaongeza: kesho ukipenda, njoo na kinanda chako. Tao hakuhitaji hiyo kesho. Inasemekana kinanda chake hakikuwa hata na nyuzi. Alikipapasa tu pombe ikimkolea.

Tao pia ana mzaha ambao Li Bai hana, mzaha wa mtu anayejicheka. Ana shairi la kuacha pombe, mistari 20, na kila mstari una neno lile lile la "kuacha": akiacha jioni hapati usingizi, akiacha asubuhi hawezi kuamka. Ana shairi la kuwalaumu wanawe watano wasiopenda karatasi wala kalamu, na akishamaliza kuwaorodhesha anasema kama hii ndiyo bahati niliyopewa na mbingu, basi nipeni kilichomo kikombeni. Katika nyimbo za maziko alizojiandikia mwenyewe, anachojutia ni kimoja: alipokuwa hai hakunywa ya kutosha. Na usidhani haijui hatari. Katika mashairi matatu ambamo Mwili, Kivuli na Roho wanajadiliana, Mwili unashauri pombe, na Roho inajibu kwamba kulewa kila siku huenda kukasahaulisha shida, lakini je, si kunapunguza siku za kuishi?

Udhaifu wa Tao upo. Ni mtulivu mno. Msomaji anayetaka moto atasinzia. Mistari yake ni ya mizani 5 kwa wingi, maneno ya shambani, na mara ya kwanza unaweza kuona hakuna kilichotokea. Udhaifu wa Li Bai ni kinyume chake: majivuno. Katika shairi lake kubwa la karamu anatangaza kwamba tangu zamani wahenga wote wamesahaulika na wanywaji peke yao ndio walioacha majina, kisha anaamuru mwenyeji auze farasi wa thamani na koti la manyoya ili pombe iendelee kuletwa. Farasi wa mwenyeji, sikiliza vizuri! Kwa sauti ya Kichina, mistari ikirefuka na kufupika kama mto unaoshuka, hilo linakubeba. Ukilisoma kimya, kwa tafsiri kavu, unabaki na mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Kwa hiyo Li Bai ni wa masikio. Kama hujui Kichina, tafuta hata rekodi ya mtu akilisoma kwa sauti, ufuate tafsiri kwa kidole.

Waulize wake zao

Njia moja ninayoipenda ya kuwapima hawa wanaume ni kuuliza kilichompata mke. Mashairi yanaweza kudanganya, nyumba haidanganyi.

Mfano mbaya kuliko wote ni Liu Ling, mmoja wa wale wanaoitwa Wahenga Saba wa Msitu wa Mianzi, karne ya 3. (Iringa mwanzi wenyewe hugemwa ukatoa ulanzi, wahenga hawa walikaa chini ya mianzi wakinywa nafaka, hawakujua walichokuwa wanaegemea.) Mkewe alimwaga pombe, akavunja vyombo, akalia akimsihi aache. Liu Ling akakubali, akasema ataapa mbele ya miungu, mke aandae pombe na nyama za sadaka. Akapiga magoti, akaomba hivi: mbingu ilimzaa Liu Ling, ikampa jina kwa pombe, kikao kimoja kipimo cha hu moja (yaani dou 10), na dou 5 za kuzimua, maneno ya mwanamke yasisikilizwe. Akainywa sadaka, akala nyama, akalewa tena. Visa vya kundi hili ni vitamu kuliko mashairi yao, na ndiyo sababu siwaweki kwenye orodha ya kuchagua, isipokuwa Ruan Ji (210–263), ambaye mashairi yake 82 ni mazito na ya giza. Yeye alilewa siku 60 mfululizo ili mjumbe wa Sima Zhao, mtu aliyeshika nchi, asipate nafasi ya kuleta posa kwa binti wa Ruan. Mwache kwa baadaye, ukiwa umeshajua siasa za wakati ule.

Mke wa Tao alikuwa na mume aliyetaka shamba lote la ofisi lipandwe mchele unaonata, wa kutengenezea pombe. Alimbembeleza mpaka wakagawana: mu 250 za pombe, mu 50 za chakula (mu ni kipimo cha eneo la shamba). Mgawanyo huo hauna haki, lakini ulikuwa na mazungumzo ndani yake.

Mke wa Li Bai alipata shairi. Mistari minne: siku 360 za mwaka, kila siku nimelewa kama tope, wewe ni mke wa Li Bai, lakini una tofauti gani na mke wa yule ofisa wa matambiko aliyejulikana kwa kutokuwa mume nyumbani? Ni ungamo la kuchekesha, na mtu anayeungama hivyo kwa kawaida hana mpango wa kubadilika.

Mke wa Su Shi nitamfikia.

Bai Juyi na Su Shi: wanaokualika

Bai Juyi (772–846) alijiita Bwana Mlevi Mwimbaji uzeeni, lakini pombe yake ni ya adabu. Kati ya washairi wa enzi ya Tang, enzi ya Li Bai pia, hakuna aliyetuachia kazi nyingi kumzidi. Ni karibu mashairi 2,800, na mengi yanaeleweka bila maelezo ya pembeni. Hapo ndipo ubora na ubovu wake vilipo. Ukifungua popote utaelewa. Ukifungua mara kumi utakuta chakula cha jana.

Ila ana shairi moja la mizani 20 ambalo ningelibeba mfukoni. Pombe mpya haijachujwa, ina mapovu ya kijani kama sisimizi wanaoelea. Kuna jiko dogo la udongo mwekundu. Jioni inaingia, mbingu inataka kuleta theluji. Unaweza kunywa kikombe kimoja? Limepelekwa kwa mtu anayeitwa Liu wa Kumi na Tisa, namba hiyo ikiwa ni nafasi yake katika hesabu ya ndugu wa ukoo wa rika lake. Hakuna falsafa, hakuna mwezi, hakuna malaika. Ni kijikaratasi cha kumwita jirani.

Bai alikuwa amefika Jiangzhou mwaka 815 kwa kushushwa cheo, na Jiangzhou ndiko kwao Tao. Alikwenda kuitazama nyumba ya zamani ya Tao, akaandika juu yake. Kabla ya hapo, alipokuwa kwenye maombolezo ya mama yake, alishaandika mashairi 16 kwa kumwigiza Tao. Kumbuka hilo, maana jina hili litarudi.

Su Shi (1037–1101), wa enzi ya Song, ni kiroja: mshairi wa pombe asiyeweza kunywa. Mwenyewe ameandika kwamba kwa siku nzima hazidishi ge 5, chini ya nusu lita, na kwamba duniani hakuna mtu dhaifu kumzidi kwa kunywa. Lakini akimwona mgeni ananyanyua kikombe na kukimimina taratibu, kifua chake kinapanuka, na furaha yake inamzidi mgeni. Anasema haumwi, lakini anaweka akiba ya dawa. Hanywi, lakini anatengeneza pombe nyingi. Watu wakamuuliza kwa nini ajisumbue kwa ajili ya wengine. Akajibu kwamba mgonjwa akipata dawa mwili wangu mimi ndio unakuwa mwepesi, na mnywaji akikolea, mimi ndiye ninayesikia raha.

Kama hunywi, kwa dini au kwa amri ya daktari, huyu ndiye wako. Utakaa naye kikaoni bila kujisikia mgeni.

Na alitengeneza kweli. Huko Huangzhou, alikohamishwa baada ya kukamatwa mwaka 1079 kwa mashairi yaliyodaiwa kuikejeli serikali, alipika pombe ya asali na kuitungia wimbo. Watu wa Tabora wenye wanzuki wangemfundisha, kwa sababu mwandishi mmoja aliyemfuata anasema waliokunywa ile ya Su Shi waliharisha. Huko huko Huangzhou, baada ya kunywa kwenye kipande cha shamba alichokiita Mteremko wa Mashariki, aliandika lile shairi la kurudi nyumbani usiku. Amekunywa, akazindukana, akanywa tena. Anafika mlangoni kama saa sita za usiku, mtumishi anakoroma kama radi. Anagonga, hakuna jibu. Anaegemea fimbo na kusikiliza mto. Anatamani achukue mashua ndogo aende zake, maisha yaliyobaki ayaachie maji.

Asubuhi yake, inasimuliwa, habari zilienea kwamba mfungwa wa serikali ametoroka kwa mashua. Mkuu wa mji, aliyewajibika kumlinda, akakimbia kwake na kumkuta kitandani, anakoroma kama yule mtumishi.

Kuhusu mke: mwaka 1082, marafiki wawili wana samaki, usiku una mwezi, na hakuna pombe. Su Shi anakwenda nyumbani kumuuliza mkewe. Mke anasema: nina dou moja, nimeificha siku nyingi, nikingoja siku utakayoihitaji ghafla. Limo katika maandishi yake kuhusu Mwamba Mwekundu, kwa maneno machache tu, na linaniambia mengi juu ya nyumba ile kuliko shairi lolote la mapenzi.

Hata hivyo Su Shi ana gharama. Anadhani umesoma alichosoma yeye. Kila mstari wa tatu una mtu wa kale ndani yake. Mengi ya yale mazuri ni ya aina ya ci, maneno mapya yaliyotungwa kufuata tuni iliyokuwepo, kama mtunzi wa taarabu anavyovalisha maneno mapya muziki unaojulikana. Shairi lake la mwezi la mwaka 1076, alilomwandikia mdogo wake ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka kadhaa, ni la namna hiyo. Tuni ya asili imepotea, na tafsiri haikupi wimbo.

Anayenywa bila kuomba ruhusa

Wote hao ni wanaume, na orodha nyingi huishia hapo. Mimi naongeza Li Qingzhao, aliyezaliwa 1084 huko Shandong na kuishi hadi miaka ya 1150. Katika shairi la ujanani amelewa kando ya kijito hadi hajui njia ya kurudi. Mashua inaingia kwenye kina cha mayungiyungi, anapiga kasia kwa nguvu, na ndege wa ufukweni wanashtuka wote. Katika jingine anaamka na uchovu wa pombe, anamuuliza msichana anayefungua pazia kama maua yamesalimika na mvua ya usiku. Yako vile vile, anaambiwa. Hujui, anajibu: kijani kimenenepa, chekundu kimekonda.

Kisha mji mkuu wa Song ukatekwa mwaka 1127, mumewe akafa mwaka 1129, na pombe ikabadilika. Vikombe viwili vitatu vya pombe nyepesi, anasema, vitashindana vipi na upepo mkali wa jioni? Hapa anakiri waziwazi kwamba kikombe hakitoshi. Mashairi yake yaliyobaki ni machache, unaweza kuyamaliza kwa siku mbili, na kama mtu amekuonya kwamba mashairi ya pombe ni ya kujitapa, anza na huyu umwonyeshe.

Sasa chagua

Ushauri wangu ni Tao, na si kwa sababu ni bora kuliko wengine. Mashairi mazuri zaidi ya mtu mmoja mmoja yako kwa Li Bai na Li Qingzhao. Ni kwa sababu wote waliobaki wanakaa kwenye ua wake. Li Bai alichukua kivuli na maneno ya kuaga. Bai alimwigiza na kwenda kuitembelea nyumba yake. Li Qingzhao, sikukuu ya siku ya tisa ya mwezi wa tisa, ameshika kikombe kando ya ua wa mashariki, na ua huo ni ule ule wa krisanthemu. Su Shi alifika mbali kuliko wote: mwaka 1092 alianza kuyajibu yale mashairi 20 ya "Kunywa Pombe", na uhamishoni Huizhou na Hainan akaendelea na mengine hadi yakapita 100, kila moja kwa vina vile vile vya Tao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa raha ya kujibu shairi kwa vina vya mwenzako. Tofauti ni kwamba aliyejibiwa alikuwa amekufa zaidi ya miaka 600.

Ukimsoma Tao kwanza, wengine wanakuwa mazungumzo. Ukianza na Li Bai, utamsikia mtu mmoja tu akipaza sauti.

Lakini kuna walio na haraka, na wengine utulivu hauwapandi. Anayetaka kelele na ngoma aende kwa Li Bai bila kuniomba radhi, ila asimsome zaidi ya mashairi matano kwa mkupuo. Aliyepoteza kazi, au aliyehamishiwa mbali na kwao, amchukue Su Shi wa Huangzhou hata kama hataelewa kila jina. Aliyefiwa, Li Qingzhao wa baada ya 1129. Na mwenye jioni moja tu, ambaye anataka kujua kama haya mambo yana ladha kabla ya kununua kitabu, amsome Bai Juyi, zile mizani 20: mapovu ya kijani, jiko jekundu, theluji inakuja, na swali ambalo Liu wa Kumi na Tisa alipaswa kulijibu kwa miguu.